Uzamivu wa kemia huanzia kidato cha pili



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Biharamulo alinishika mkono. Bintiye anaingia kidato cha tatu na anataka kusoma kemia mpaka shahada ya uzamivu. "Katibu," akaniuliza, "huko si kumpitishia mtoto umri wa kuolewa?"

Nilimweleza kwanza njia yenyewe. Mwanafunzi huruhusiwa kuiacha kemia aingiapo kidato cha tatu, na aliyeiacha hapo ni vigumu mno kurejea. Kidato cha tano atahitaji mchepuo wenye kemia: PCM, PCB au CBG. Kisha shahada ya kwanza, miaka mitatu, ambayo asiipate kwa ufaulu wa chini, kwani uzamili hudai angalau daraja la pili. Uzamili huchukua kama miaka miwili. Ndipo uzamivu, miaka mitatu au minne ya utafiti: atafute msimamizi anayeijua mada yake, aandike pendekezo, akeshe maabara, aitetee tasnifu mbele ya watahini. Ndugu yetu Ahmed Zewail wa Misri alisoma shahada mbili za mwanzo Alexandria, akapata uzamivu Pennsylvania, na mwaka 1999 akatunukiwa Nobel ya kemia.

Kuhusu gharama, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo wazazi walikuwa wakiniuliza kama si riba, Rais Samia alitangaza kuifuta mwaka 2021. Kwenye uzamivu, wengi huwa wameshaajiriwa vyuoni na husomeshwa kwa ufadhili.

Ama ndoa, sioni inapogongana na maabara, iwapo mume ameridhia tangu siku ya posa. Sharti hilo lisemwe mapema, mbele ya walii.

Tena tutazame tulipo. Ngara ina nikeli ya Kabanga. Sisi tuna dhahabu, na wachimbaji wadogo huikamata kwa zebaki, wakaichoma pembeni mwa nyumba wanamolala watoto. Anayeweza kupima zebaki hiyo katika maji na samaki ni mkemia. Mpaka lini tumsubiri atoke mbali?

Mzee alinyamaza, kisha akauliza kama shule ya binti ina maabara yenye vifaa. Sikuwa na jibu. Jumatatu, inshaallah, tutakwenda pamoja kwa mkuu wa shule.