Mtambo wa Kugeuza Mafuta: Tuulize Kwanza



Tangu mkutano uliopita tumeulizwa mara nyingi habari ya mtambo wa kugeuza mafuta ya karafuu. Wako wanaotaka akiba ya Chama itolewe upesi, mtambo ununuliwe, nasi tusiwe watu wa kuuza mafuta vivi hivi na kuwaachia wengine faida. Wako na wengine wasemao kwamba kemia ni mambo ya ng'ambo, kazi yetu sisi ni kupalilia, kuchuma na kuanika. Sisi hatukubaliani na kundi la kwanza wala la pili, na yafaa tueleze sababu.

Kwanza, si kweli kwamba kemia haituhusu. Mafuta ya makonyo na ya majani ya mkarafuu, aghlabu zaidi ya sehemu 80 katika 100, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Yujenoli ikigeuzwa kidogo huwa isoyujenoli, itumikayo katika manukato, na isoyujenoli nayo hutoa vanilini, yaani ile harufu ya vanila. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vanilini ya viwandani ilitengenezwa kwa njia hiyo, kwa mafuta ya karafuu. Kisha katika miaka ya 1930 viwanda vya Amerika ya Kaskazini vikajifunza kuitoa katika maji machafu ya viwanda vya karatasi, na leo iliyo nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Soko lile liliwatoka wakulima wa karafuu, wala mikarafuu haikuwa na kosa lolote. Basi mtu aliyepoteza soko kwa sababu ya kemia hawezi kusema kuwa kemia si shughuli yake.

Sasa tuangalie hicho tunachotaka kununua. Njia ya zamani ya kupata isoyujenoli ni kuipika yujenoli kwa moto mkali pamoja na magadi makali ya potasiamu, kisha kutia asidi ili kuyaua makali yake. Njia hii yafanya kazi, lakini huacha maji mengi ya chumvi. Katika kisiwa kidogo, maji hayo yatamwagwa wapi? Mto ni ule ule, na kisima ni kile kile tunachokunywa. Njia mpya hutumia madini, kama vile rodiamu au rutheniamu, kuwa kichocheo, na tunaambiwa kwamba madini hayo baada ya kazi huokotwa yakarudi kazini tena.

Kichocheo ni kama mshenga. Huwakutanisha watu wawili wakafunga ndoa, lakini yeye haingii katika nyumba yao. Hurudi kwake, na kesho aweza kwenda kuposa kwingine. Kichocheo kizuri tena huchagua. Kila mwanachama anajua tofauti ya mchumaji achumaye vishada kwa vidole na yule avunjaye tawi zima ili ajaze pakacha. Mwaka 1952 Herbert Lindlar, katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, alieleza kichocheo cha paladiamu juu ya unga wa chokaa, kilichopunguzwa nguvu makusudi kwa risasi. Paladiamu yenye nguvu zake zote ingeendelea na kazi mpaka mwisho na kuharibu kitu kilichotakiwa. Hii ya Lindlar husimama katikati ya njia, mahali panapotakiwa. Kwa kuwa ni kitu kigumu, kazi ikiisha huchujwa.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Oberhausen, Ujerumani. Tangu mwaka 1984 kiwanda cha Ruhrchemie, kwa ufundi uliopatikana pamoja na Rhône-Poulenc ya Ufaransa, kimefanya kazi kwa rodiamu iliyoyeyushwa ndani ya maji. Gesi ya propini huingia, na kitokacho ni kitu cha mafuta kiitwacho butanali. Kati ya sehemu 100, zipatazo 95 huwa za umbo lile hasa linalotakiwa. Waliopata kuona mtambo wa kukenekea mafuta kule Wawi watafahamu mara moja jinsi madini yanavyorudi. Mafuta yetu na maji hujitenga yenyewe, na mafuta ya makonyo huzama chini kwa kuwa ni mazito. Oberhausen ni hivyo hivyo, ila mafuta yao huelea. Huyatoa juu wakayauza, na maji yenye rodiamu huyarudisha katika chungu. Kinachopotea ni kidogo mno.

Ni lazima kiwe kidogo, kwa sababu rodiamu ni ghali. Mwaka 2021 bei yake ilipita dola 20,000 za Kimarekani kwa wakia moja, juu kabisa ya dhahabu. Mwenye kupoteza kijiko cha magadi hapotezi kitu; mwenye kupoteza rodiamu amepoteza shamba. Tena madini yaliyopotea hayakwenda mbali: yamo ndani ya mafuta, na mnunuzi akiyapima atayarudisha.

Hapo ndipo tunaposema, tuulize kwanza. Neno "hutumika tena" ni neno tamu, na mwuza mtambo hulitamka upesi. Yako maswali matatu ambayo Chama kiyapatie majibu kwa maandishi kabla ya senti moja kutoka.

La kwanza: madini yanabaki kweli mahali pake? Iko njia nyepesi ya kujua. Kazi ikiwa katikati, kila kitu kingali moto, kichocheo kigumu huchujwa kikaondolewa, na maji yaliyobaki huachwa yaendelee. Ikiwa kazi yaendelea bila ya kichocheo, basi madini yameshatoroka na kuingia ndani ya maji.

La pili: mara ya tano hufanya kazi kwa upesi ule ule wa mara ya kwanza? Ukiwatazama wachumaji jioni tu, pakacha zote zimejaa, hutajua nani alichoka tangu saa nne. Watazame adhuhuri. Vivyo hivyo, mtu akituonyesha hesabu za mwisho wa kazi tu, ambapo hata kichocheo kilichochoka kimepewa saa za kutosha kumaliza, hakutuonyesha kitu. Tutake kipimo cha katikati ya kazi, kila mara.

La tatu: kimejaribiwa kwa mafuta yetu? Njia ya Oberhausen inafaa kwa sababu propini huyeyuka kidogo katika maji; vitu vizito zaidi havikubali kwa wepesi huo. Lililofaa kwa propini si lazima lifae kwa yujenoli. Tena mafuta yenye uchafu huua kichocheo, na uchafu huo huanza shambani, kwa makonyo yaliyovunda na vyombo visivyooshwa.

Liko na jambo la soko. Isoyujenoli huwadhuru ngozi watu wengine, na kwa hiyo watengenezaji wa manukato wamejiwekea kiasi kidogo wasichokipita. Tusijenge kiwanda kwa kudhani kuwa dunia itanunua kila tone.

Basi maoni yetu ni haya. Mtambo usinunuliwe msimu huu, wala shauri lisitupwe. Kitolewe kiasi kidogo cha akiba, mafuta yetu wenyewe yapelekwe maabara yakajaribiwe kwa masharti hayo matatu, na kijana mmoja wa wanachama aende pamoja nayo, ashike kazi kwa mikono yake na arudi kutueleza. Majibu yakiwa mema, sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni. Yakiwa mabaya, tutakuwa tumepoteza kidogo na kujua mengi.

Akiba ile ni jasho la watu waliopanda ngazi kwenye mikarafuu, na wengine wao hawakushuka salama. Madini yanaweza kurudi kazini mara nyingi, lakini fedha ya Chama ikishatoka hairudi. Mwenye maoni mengine na atuandikie kabla ya mkutano, nasi tutayachapa hapa hapa.