Kambi za Bonde la Ufa: Pazuri pa kulala, lakini nani anaonya?

SI ajabu siku hizi, Ijumaa jioni, kuona magari yakiteremka kutoka Limuru kuelekea Bonde la Ufa yakiwa yamesheheni mahema, magodoro na majiko ya gesi. Kupiga kambi, ambako zamani kulidhaniwa kuwa shughuli ya maskauti na wageni kutoka ng'ambo, kumekuwa burudani ya wakazi wa mijini.

Wana kila sababu. Mtu anaweza kustaftahi akiwa amevaa sweta kando ya Ziwa Naivasha, mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku huo huo akalala Magadi, ambako joto halimruhusu hata kujifunika shuka. Katikati kuna Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, na mbuga ya Hell's Gate, mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli miongoni mwa pundamilia na twiga.

Hata hivyo, mandhari hayo yalichongwa na moto wa volkano na maji, na maji hayajamaliza kazi yake. Mnamo Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walikufa baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate. Septemba 2019 watu wengine saba, akiwemo mwelekezi wao, walifariki katika korongo lilo hilo. Miaka saba ilikuwa imepita na somo lilikuwa lile lile: mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima, huku aliye chini kati ya kuta nyembamba akiona anga jeupe. Ni baada ya mkasa wa pili ambapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilifunga korongo hilo.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mapema Mei, Mto Talek ulivunja kingo zake na kufurika katika kambi zaidi ya kumi za Maasai Mara. Makumi ya watalii na wafanyakazi waliokolewa, baadhi yao kwa helikopta. Hakuna aliyeweza kudai kuwa hakujua mvua ingekuwa kubwa, kwani siku chache awali watu zaidi ya 50 walikuwa wameangamia Mai Mahiu.

Swali ni kwa nini kambi hizo zilikuwa pale. Jibu halihitaji tume ya uchunguzi: mgeni hulipa zaidi akifungua hema na kuona viboko. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitenga ukanda wa kati ya mita sita na 30 kando ya mto, kutegemea upana wake. Lakini mto unaokauka nusu ya mwaka humdanganya hata mpimaji wa ardhi, sembuse mwekezaji mwenye haraka. Maziwa nayo hayajabaki yalipokuwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya Baringo, Bogoria na Nakuru yamepanda, yakameza nyumba, barabara, hata lango kuu la zamani la Mbuga ya Ziwa Nakuru. Ramani iliyochorwa miaka 20 iliyopita si mwongozo tena.

Kuwalaumu wapiga kambi pekee ni kukwepa suala. Ni kweli wapo wanaotandika mahema katikati ya laga kavu kwa kuwa mchanga wake ni laini (kosa ambalo mfugaji wa Magadi hawezi kulifanya hata akiwa amechoka vipi). Lakini mtu aliyelelewa katika fleti za Nairobi atajuaje, iwapo hakuna wa kumwambia?

Wa kumwambia yupo. Ada za kuingia mbuga za KWS sasa hulipwa kwa mfumo wa eCitizen, kumaanisha kuwa serikali ina nambari ya simu ya mlipaji, na hufahamu siku anayozuru. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari za mvua kubwa. Kuunganisha mambo haya mawili hakuhitaji sheria mpya wala mkopo. Ni ujumbe mfupi tu, umfikie mgeni angali langoni, kabla hajateremka korongoni ambako kuta za mawe huenda zikazuia mawimbi ya simu.