Mazungumzo ya Jamaa: Kitabu cha Wanyama wa Kale

Baba mmoja wa watoto wanne ametuandikia barua ndefu, nasi tumeipenda. Dada yake afanyaye kazi mjini aliwaletea watoto zawadi ya kitabu cha picha. Si kitabu cha shule wala cha sala. Ni mashairi mafupi mafupi yenye vina, na katika kila ukurasa amechorwa mnyama mkubwa wa kale, huyu ana pembe tatu, yule ana meno kama visu, mwingine mkia wake wavuka ukurasa hadi wa pili. Tangu siku hiyo watoto hawataki kulala.

Baba huyu ana mashaka matatu. Kwanza, kitabu ni cha Kiingereza, na Kiingereza chake na cha mkewe ni kidogo. Pili, bibi wa watoto asema zile ni picha za mazimwi, na Mungu hakuumba mazimwi. Tatu, kitabu kimeanza kuchanika.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa wakakifungia kitabu kabatini. Mzazi mwenzetu, kitabu cha vina hakifasiriwi neno kwa neno. Ukifanya hivyo vina vyote hupotea, na mtoto hubaki na maneno makavu kama hotuba ya mkutano. Afadhali fanya hivi. Kama yupo nyumbani kaka au dada wa darasa la sita au la saba, na asome Kiingereza kile kwa sauti, polepole, wote wakisikiliza. Wadogo hawatafahamu maana, lakini wataisikia ngoma yake. Kabla ya neno la mwisho la mstari, msomaji anyamaze kidogo. Baada ya siku chache mtoto wa miaka minne atalitaja yeye mwenyewe kwa kelele! Msimcheke mkasema ni kasuku. Mtoto aliyetambua kwamba neno hili laishia sawa na lile amekwisha kuanza kuzisikia silabi, na azisikiaye vizuri hatapata taabu sana siku atakapoziona ubaoni.

Kisha ni zamu ya baba na mama. Acheni maandishi, someni picha. Je, mnyama huyu ala nini? Mtazameni meno: ni mapana ya kutafuna majani, au ni makali ya kurarua nyama? Mbona huyu ana miguu minne, na yule asimama kwa miwili? Mtoto wa kijijini ambaye amechunga mbuzi na kumwona kicheche bandani kwa kuku atawajibu vizuri kuliko mnavyodhani. Na mwambieni jambo moja la kweli ambalo vitabu vingi havilisemi: katika wengi wa wanyama hawa ni mifupa tu iliyopatikana, si ngozi, na rangi zile amezichagua mchoraji kwa akili yake. Muulizeni yeye angempaka mnyama huyu rangi gani. Bibi naye aulizwe.

Majina ndiyo yatakayowakwama kooni. Tyrannosaurus, Triceratops: hawa mifupa yao ilichimbwa Amerika ya Kaskazini, na majina yao ni ya Kigiriki. Lakini wapo wengine wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 2017 wataalamu walimpa mnyama mmoja wa Songwe jina Shingopana. Mwaka 2019 wakamtangaza mwingine, mifupa yake ilipatikana kando ya mto Mtuka katika bonde la Rukwa, nao wakamwita Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Wote wawili walikuwa wala majani wenye shingo ndefu. Mtoto wa Ulaya akitaka kujua maana ya majina hayo, sharti aelezwe. Mtoto wako amekwisha kuyafahamu kabla hujamaliza kuyatamka!

Na mkubwa kupita hao ni yule wa Tendaguru. Tendaguru ni kilima katika mkoa wa Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka pwani. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mfupa mkubwa mno umetokeza ardhini. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likawatuma wataalamu wake kuchimba. Lakini waliochimba hasa, kwa majembe na kwa vidole, walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi Lindi, zikapakiwa melini. Kumbukeni kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na njaa ilikuwa imeiharibu kusini yote. Watu waliobeba mizigo ile walikuwa wametoka katika mambo hayo.

Mnyama aliyeunganishwa kwa mifupa ile amesimama Berlin hata leo. Wataalamu wa sasa wengi humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu, ingawa hana ujamaa na twiga. Kimo chake ni mita 13 na zaidi, na urefu wake, toka pua hata mkia, ni yapata mita 22. Mtoto hawezi kufahamu mita 22 kwa kuambiwa. Basi mchukue uani. Pima hatua 22 ndefu za mtu mzima, weka mtoto mmoja kwenye kichwa na mmoja kwenye mkia, waitane. Katika nyua nyingi mkia utaangukia shambani kwa jirani, na jirani atakuja kuuliza kuna nini. Mwambieni.

Hapo mtoto atauliza, na ni haki yake: “Mbona mifupa yetu iko kwao?” Msimnyamazishe. Mwambieni kwamba siku zile nchi ilitawaliwa na Wadachi, wakachukua walichotaka bila kuomba ruhusa ya wenyeji, na kwamba mpaka sasa watu wanajadiliana kama mifupa ile irudi au ikae. Mwambieni pia jina la Boheti. Kwa muda mrefu yeye hakusifiwa kama walivyosifiwa mabwana waliomsimamia. Lakini mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kwa maoni yangu kitabu cha picha kilichomfikisha mtoto kwenye swali hilo kimekwisha kulipa bei yake.

Mashairi je? Yatungeni nyumbani. Sisi tumejaribu hivi, kwa mizani nane, ili hata nyumba isiyo na kitabu iwe na cha kusoma:

Shingo yake kama mwembe,
Kichwani hana mapembe,
Hula majani mtini
Bila kupanda, yu chini.

Mifupa ikawa jiwe,
Nenda Lindi uambiwe;
Ikabebwa mabegani,
Ikapakiwa melini.

Si mashairi ya kushindania zawadi, twajua. Wenye kuweza zaidi na wafanye zaidi.

Sasa tumgeukie bibi. Bibi asipuuzwe, maana picha ya meno makubwa kweli yaweza kumtia mtoto mdogo ndoto mbaya. Usiku someni kurasa za wala majani, na wale wakali wangoje mchana. Lakini mazimwi ni wa hadithi, hawana mifupa. Hawa wanayo. Tena aliyetusaidia kuitambua mifupa ya namna hii ni mtu wa Kanisa. Mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa kwa mganga mmoja Mdenmarki aliyeitwa Nicolaus Steno. Watu wa siku zile waliokota mawe yenye ncha milimani, wakasema yameanguka toka mbinguni au yameota ndani ya mwamba. Steno alipoyatazama meno ya papa yule akaona ni yale yale. Akaandika kwamba mawe hayo ni meno ya papa wa kale, na kwamba tabaka za miamba zilitandikwa moja juu ya moja, ya chini ikiwa ndiyo kongwe. Mtu huyo akaingia Ukatoliki mwaka 1667, akawa padre, kisha askofu, na mwaka 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akamtangaza kuwa Mwenye Heri. Kusoma mawe hakukumfukuza kanisani.

Swali litakalofuata ni la Nuhu. Kila mtoto wa mafundisho huliuliza: je, waliingia katika safina? Jibuni wazi. Dinosaria wakubwa hawa walikwisha kutoweka miaka milioni 66 kabla yetu, wakati jiwe kubwa toka angani lilipoipiga nchi mahali paitwapo sasa Mexico, na wakati huo hapakuwa na mtu hata mmoja. Biblia yatuambia ni nani aliyeumba. Miaka yenyewe twaisoma katika miamba. Mkilisema hilo bila woga mtoto hatakuwa na woga. Mkigombeza, atakwenda kuuliza kwingine, na huko atafundishwa kwamba wazazi wake hawajui kitu.

Na kama bibi bado hajaridhika, mwombeni amlete kuku. Atazameni miguu yake, yale magamba na zile kucha tatu za mbele. Wataalamu wamethibitisha kwamba ndege wote ni wazao wa dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili. Jogoo wa bibi ni wa ukoo huo. Tumeambiwa na jirani mmoja kwamba bibi yake, baada ya kuambiwa hivyo, alimtazama jogoo kitambo kirefu, akasema, “Ndiyo maana ana ukorofi.”

Limebaki la kuchanika. Kifunikeni kitabu kwa karatasi ngumu ya kaki. Kurasa zilizolegea zishoneni kwa sindano na uzi mnene kwenye mkunjo, kama mwalimu ashonavyo madaftari. Gundi ya uji wa muhogo yafaa kwa machaniko madogo, lakini iwe nyepesi, na kitabu kikauke chini ya jiwe kabla ya kufungwa, la sivyo mende watakula mnyama na shairi lake. Mikono ioshwe kwanza. Wala asifichiwe mdogo kitabu kwa kuwa ndiye mchanaji. Mpeni asome akiwa amekaa katikati ya miguu ya baba, aguse kwa kidole kimoja.

Watoto watakaotunga beti zao juu ya Shingopana au Mnyama wa Mtuka watuletee. Beti zisizidi tatu, ziandikwe upande mmoja wa karatasi, pamoja na umri wa mtunzi. Picha pia twazipokea, rangi yoyote.