Tuizuie Chachu, Tuokoe Jasho la Mkulima

Mkulima wa Ngenge, wilayani Muleba, akishakamua ndizi zake mbivu hana muda. Maji yale matamu, ambayo Wahaya huyaita omulamba, hayangoji. Vijidudu vya chachu vilivyoganda kwenye maganda na vyombo huanza mara moja kula sukari na kuifanya kilevi. Kwa anayetaka lubisi, hiyo ni baraka. Kwa anayetaka kuuza kinywaji cha watoto mjini Bukoba, ni hasara tupu: baada ya siku moja au mbili mali yake imekwisha geuka.

Je, hakuna dawa? Ipo. Ya kwanza ni moto: nyuzi joto zipatazo 80 huiua chachu, ingawa ladha nayo hubadilika. Ya pili ni shinikizo kubwa. Mwaka 1899 Bert Hite wa West Virginia, Marekani, alionyesha kuwa maziwa yaliyoshinikizwa sana huchelewa kuharibika. Mwaka 1990 Wajapani wakauza jemu iliyohifadhiwa kwa njia hiyo. Chupa ya plastiki iliyofungwa hutiwa ndani ya mtungi wa chuma uliojaa maji, na maji hayo hushinikizwa mara 4,000 hadi 6,000 ya kani ya hewa kwa dakika chache. Utando wa chachu huvurugika, nayo hufa. Sukari na ladha husalia. Hata hivyo, baadhi ya bakteria wana mbegu sugu zinazohimili, hivyo kinywaji bado chahitaji ubaridi.

Swali lililo mbele yetu ni hili: mtambo huo uwe wa nani? Bei yake haiwezwi na mkulima mmoja. Akiununua tajiri peke yake, mkulima atabaki kuwa muuza ndizi tu. Wana-Kagera si wageni katika ushirika. Bukoba Native Co-operative Union ilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya kahawa. Ndizi nayo yastahili heshima hiyo.

Hatuna budi kwenda hatua kwa hatua. Vikundi vya vijiji vianze sasa na sufuria, kipimajoto na chupa safi, vikisaidiwa na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hii. Wataalamu wa kilimo wa Maruku wapime omulamba wetu wenyewe: shinikizo gani, dakika ngapi, hudumu siku ngapi. Walimu wafundishe somo la chachu kwa mfano huo. Nao watumishi wanaoandaa mipango ya wilaya wahakikishe kwamba mtambo utakapokuja, utakuwa mali ya wakulima.