Ndege ikipita mwisho wa pisti, nani yuko mbele yake?

Leo nazungumza juu ya ndege na theluji. Mutasema: theluji inatuhusu nini sisi wa Kivu? Sisi tunajua tu ile ya juu ya mlima Ruwenzori. Lakini kuna ajali ya theluji kule Marekani ambayo inafanana sana na kilio chetu cha Birere.

Tarehe 8 Desemba 2005, saa za jioni, Boeing 737 ya kampuni ya Southwest ilitua kwenye kiwanja cha Midway, mjini Chicago. Theluji ilikuwa inaanguka, na upepo ulikuwa unaisukuma ndege kutoka nyuma. Ilipogusa chini, pisti ilikuwa imebaki mita karibu 1,400. Kwa hali ile ilihitaji mita karibu 1,600. Tena, marubani walichelewa kugeuza nguvu za injini ili zisaidie breki. Pisti ikaisha, ndege ikavunja uzio, ikaingia barabarani. Ndani mulikuwa watu 103, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Aliyekufa ni mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya gari na jamaa yake. Mtoto yule hakuwa na tiketi.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma, ikapita mwisho wa pisti na kuingia Birere. Karibu watu 40 walikufa, na wengi wao walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Pisti yetu ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002. Novemba 2009, ndege ya CAA ilitua Goma, ikapita mwisho wa pisti na kukwama juu ya lava hiyo. Watu waliumia.

Kila ajali ikitokea tunasikia maneno mawili: ni kosa la rubani, au ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikubali tuishie hapo. Rubani anaweza kukosea, na theluji au mvua haiombi ruhusa. Lakini kile kinachokuwa mbele ya pisti kimepangwa na watu, tena miaka mingi kabla ya ajali.

Chicago walijifunza. Mwisho wa pisti waliweka vitalu vya saruji laini, ambamo magurudumu yanazama kama ya pikipiki kwenye mchanga. Tarehe 27 Oktoba 2016, kiwanja cha LaGuardia, New York, kilikuwa na mvua kama zetu. Ndege iliyombeba Mike Pence, mgombea umakamu wa rais wakati ule, ilipita mwisho wa pisti. Vitalu vya namna ile vikaikamata, na wote wakashuka wazima.

Shirika la kimataifa la usafiri wa ndege, OACI, linataka ardhi tupu ya mita 90 kwa uchache kule mwisho wa pisti za ndege kubwa, na linashauri zifike 240. Tangu Novemba 2021 linataka pia hali ya pisti ipimwe na rubani apewe alama, kutoka 0 mpaka 6. Alama hizo si za theluji peke yake: maji ya mvua pia yanahesabiwa.

Wengine watasema: basi, wanaokaa karibu na kiwanja wafukuzwe. Hapana. Hakuna mama anayechagua kulala chini ya matumbo ya ndege kwa kupenda. Jamaa iliyokimbia vita inakaa pale inapopata chumba cha bei ndogo, karibu na soko. Kuvunja nyumba yake bila kumpa fasi nyingine ni kumfanya mhami mara ya pili. Apewe kwanza parsele na malipo ya haki, ndipo ahame. Halafu ardhi ile ilindwe, kusudi kiongozi mwingine asiiuze tena usiku.

Na kama pesa za vitalu hazipo, kuna njia nyingine: kutangaza kwa marubani pisti fupi kuliko ilivyo, ile sehemu inayobaki iwe ya usalama. Ndege zitabeba mzigo mdogo, na wafanyabiashara watalalamika. Hasara ya mizigo inahesabika. Watu wa Birere hatukuweza kuwarudisha.

Kwa hiyo naomba RVA na wakubwa wa usafiri wa anga watujibu waziwazi, kwa kila kiwanja cha mashariki: ardhi tupu ni mita ngapi, nani anapima pisti wakati wa mvua, na jamaa zinazokaa mbele yake zitapelekwa wapi? Na nyinyi wakaaji, ulizeni maswali hayo hayo kwenye mikutano ya mtaa, kabla ya ndege nyingine kuyauliza.