Jubilei ya MAME: Betri Ife, Mchezo Ubaki

Tarehe 5 Februari 1997, Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo la kwanza la MAME, programu iliyoweza kuiga mashine chache za michezo ya video ya kutumbukiza sarafu, ya Pac-Man ikiwamo. Mwaka 2022 MAME ilitimiza miaka 25, na mashine inazoiga ni maelfu. Tangu ilipoungana na programu nduguye ya MESS mwaka 2015, hata konsoli za nyumbani zimo.

Tunaipongeza, na si kwa ajili ya burudani pekee. Mchezo wa zamani uliandikwa kwa lugha ya chipu yake. Mbele ya kompyuta ya leo ni bubu. MAME hukaa katikati kama mkalimani: husoma amri moja baada ya nyingine na kutenda vilevile ambavyo chipu ile ingetenda, kwa mwendo uleule. Iwe Windows, macOS au Linux, mkalimani ni yuleyule. Mwaka 2014 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive iliutumia ukalimani huo kufungulia mamia ya michezo ya sarafu ndani ya kivinjari.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya michezo huoza. Bodi za CPS-2 za kampuni ya Capcom zilitunza funguo za siri za michezo katika kumbukumbu inayotegemea betri. Betri ikifa, bodi nzima hunyamaza. Mwaka 2007 Salmoria na Andreas Naive waliufumbua usimbaji uliotumia funguo hizo, na michezo ikaacha kutegemea uhai wa betri. Kazi za namna hii hufanywa na watu wa kujitolea, na tangu 2016 msimbo wa MAME uko chini ya leseni huria.

Wapo wanaosema huu ni mlango wa wizi. Hoja yao ina uzito, ndiyo maana MAME haiji na michezo ya watu: anayeitaka aipate kwa idhini ya mwenye hakimiliki. Lakini mwenye mali aliyekwisha kuacha kuiuza, tena haitunzi, akiiruhusu maktaba imhifadhie, hasara yake iko wapi? Zawadi inayoifaa jubilei ile ni wenye michezo kufungua maghala yao, kabla betri zilizobaki hazijazima.