Tumwogope Yule Anayesamehe



Zaburi ya 130 yatufundisha jambo ambalo wengi hulipita bila kulitafakari: kwamba Mungu huogopwa kwa sababu anasamehe. Sisi tungetazamia aogopwe kwa sababu anaadhibu. Hapa Kagongwa, na Usukumani kwa jumla, tumezoea hofu ya namna nyingine. Mtoto akifariki ghafla, au ng'ombe wakifa, wako miongoni mwetu wanaokwenda kwa mpiga ramli kabla matanga hayajaisha. Mpiga ramli hasamehi. Yeye huuza hofu, na mara nyingi anachomkabidhi mteja ni jina la bibi kizee, mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi alizopikia maisha yake yote. Baada ya hapo huja mapanga.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya wapagani tu. Aliyetajiwa jina akanyamaza, aliyechanga fedha ya wakata mapanga, aliyerithi shamba la marehemu kwa haraka isiyo ya kawaida: wamo waliobatizwa. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Tunaunga mkono sheria kuwashika wauaji, ingawa adhabu ya kifo yenyewe Katekisimu, tangu 2018, yafundisha kuwa haikubaliki. Hata hivyo ramli hupigwa usiku, na askari hayuko kila kijiji.

Je, mwenye damu mikononi aweza kusamehewa? Aweza. Asiyeamini hivyo ameupunguza Msalaba. Lakini yuko mwenzetu mwingine asemaye moyoni, "Nitaungama Pasaka," kisha anaendelea na shauri lake. Huyo amemfanya Mungu kuwa mtani wake. Sakramenti ya Kitubio yadai majuto, maungamo na malipizi, na malipizi si sala tatu za Salamu Maria tu pale palipoporwa mali. Zakayo hakusubiri kuambiwa. Aliahidi kurudisha mara nne. Ondoleo la dhambi si hati ya kumiliki shamba la mjane. Tena siri ya maungamo humfunga padre, haimzuii muungamaji kwenda mwenyewe kwa wenye mamlaka, wala kumwambia mjukuu wa marehemu, "Hili ni lenu."

Basi, kabla ya mvua za kupandia, tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo wawatembelee wajane wanaoishi peke yao, wakae nao jikoni kwao, majirani wakiona. Na penye shamba linalolimwa na asiye mwenyewe, waulize kwa upole limefikaje mikononi mwake.